Alichokisema Mama Dorka

Siku ya kumi na moja bila Okal kupokea simu zake, Wegesa aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi kutoka Tarime na kumfuata Mugumu.

Hakumkuta ofisini. Mwanamke aliyekuwa akifagia ofisi ya mifugo alimwambia daktari yuko joshoni, Morotonga, siku hiyo ilikuwa zamu ya ng'ombe wa huko. Wegesa alichukua bodaboda. Alipofika, ng'ombe walikuwa wamebanana kwenye njia nyembamba ya mbao, mmoja mmoja anatumbukia kwenye dawa ya kupe, anaogelea, anapanda upande wa pili akichuruzika na kupiga chafya. Okal alikuwa amesimama pale wanapotokea, gambuti hadi magotini, anawahesabu kwa midomo.

Alimwona. Wegesa alijua kwamba amemwona kwa sababu midomo iliacha kuhesabu. Kisha ikaendelea.

"Shikamooni wazee," Wegesa aliwasalimu wanaume watatu waliokuwa wameegemea fimbo zao.

"Marahaba," walijibu. Mmoja wao, mzee mfupi mwenye redio ndogo iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimtazama tena. "Hebu sema kitu kingine, binti."

"Niseme nini, mzee?"

"Ndiye," mzee aliwaambia wenzake. "Ndiye yule wa redioni."

Kwa kawaida hapo watu hucheka, humshika mkono, humwagizia salamu za ukoo mzima. Wazee wale hawakucheka. Mwenye redio alimtazama daktari, akamtazama Wegesa, kisha akasogea kando kuwachapa ndama ambao hawakuwa na kosa lolote.

Wegesa alikuwa na miaka kumi na mmoja Redio Kitongoji. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo, saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila mshahara, akilala kwa shangazi yake Bomani. Alijifunza kutaja jina la marehemu polepole ili mtu aliye shambani apate muda wa kusimamisha jembe. Baadaye alipewa kipindi, baadaye akawa anakiandaa mwenyewe: anasafiri na kinasa sauti, anahoji, anarudi studio kukata na kuunga. Kipindi kiliitwa *Nyumbani Kwetu*. Wanawake walimweleza mambo ambayo hawakuwahi kuyasema mbele ya mtu, kwa sababu Wegesa alijua kunyamaza. Akimaliza kuuliza swali alitulia, na watu huogopa ukimya, huujaza.

Kupitia kipindi hicho ndipo Okal alipompenda, kabla hajamwona uso. Alikuja Tarime kuzungumza hewani kuhusu chanjo ya mbuzi. Alipomaliza hakuondoka. Alisema, "Nilikuwa nadhani wewe ni mama mtu mzima."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Ng'ombe wa mwisho alipotoka majini, Okal alikuja. Hakumpa mkono. Walisimama nyuma ya banda la dawa, mahali ambapo upepo ulileta harufu kali ya dawa na kinyesi.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Hupokei simu."

"Napokea simu. Sipokei yako."

"Okal, nipe nafasi nieleze."

"Subiri," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe umezoea kuuliza. Leo nitauliza mimi. Alhamisi ile nilikuwa nimesimama pale unapoona lile pipa. Mzee Anold alikuwa na redio yake hiyo kifuani. Nikasikia unafungua kipindi. Unajua nilifanya nini?"

"Sijui."

"Niliwanyamazisha watu. Niliwaambia, huyo ni mchumba wangu, msikilizeni. Nilikuwa najivuna, Wegesa. Wakanyamaza, wakasogea. Mama mmoja akaanza kusimulia, sauti nzito kama ya mwanamume mgonjwa. Sikumjua. Nilimwonea huruma. Anasema aliolewa akiwa na mimba ya mtu mwingine, yule mtu akamkimbia, na huyu aliyemwoa alijua, akampokea na tumbo lake. Nikasema moyoni, kumbe kuna wanaume wa namna hiyo. Halafu akasema mtoto alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Bibi yake akakifunga kidole cha sita kwa uzi mweusi, kikakauka, kikaanguka."

Aliinua mkono wa kushoto. Pembeni mwa kidole cha mwisho palikuwa na kovu dogo, jeusi, ukubwa wa punje ya mtama. Wegesa alilijua kovu lile. Alikuwa amelipitisha kidole mara nyingi, wakiwa wamekaa, wakizungumza mambo mengine.

"Nilikuwa nimeshika bomba la sindano kwa mkono huu," Okal alisema. "Wazee wote wakautazama. Nikaendelea kuchoma sindano, kwa sababu ningefanya nini?"

"Niliondoa majina," Wegesa alisema. "Niliondoa jina la kijiji, niliondoa jina la mzee wako, nilibadilisha sauti yake kwenye kompyuta. Redio yetu haishiki vizuri huko kwenu Rorya, nilidhani..."

"Na kidole?"

Wegesa alilitazama tena lile kovu.

"Nakuuliza kidole, Wegesa. Ulisahau?"

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa mbele ya watu na kuwatazama wanapokaribia kusema uongo. Aliujua ule uso. Aliuhisi sasa ukimjia, na akaukataa.

"Sikusahau," alisema. "Nilikikata. Nikasikiliza tena, simulizi ikawa imepoa. Nikakirudisha."

"Ukakirudisha."

"Ndiyo."

Okal aligeuka akatazama ng'ombe waliokuwa wakikaushwa na jua. Alikaa hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza Wegesa aliogopa ukimya kama wale watu wake walivyokuwa wakiuogopa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Aprili. Zile siku tatu nilizokaa na mama yako. Tulikuwa tunamenya karanga. Akaniuliza kile chombo kinaweza kutunza maneno miaka mingapi. Nikamwambia hata mia. Akasema, washa."

"Akasema washa, tu?"

"Akasema yeye hajui kuandika. Akishazikwa, nikupe usikilize."

"Mimi na nani?"

"Wewe peke yako."

Okal aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa majibu ya maabara aliyokuwa anayajua.

"Juni tulikwenda kumjengea baba kaburi," alisema. "Nilichanganya saruji mwenyewe. Wewe ulinishikia ndoo. Nilikuwa nalia, ukanifuta kwa khanga yako, ukaniambia baba yako anakuona. Ulikuwa unajua siku hiyo?"

"Mama alinikataza kukwambia."

"Kuniambia mimi alikukataza. Kuwaambia watu wa Mara nzima alikuruhusu?"

Sababu aliyokuwa nayo, aliyoipanga vizuri ndani ya basi, sasa ilionekana ndogo. Kituo kikubwa cha Dar es Salaam kilikuwa kinatafuta mtangazaji kutoka mikoani. Walitaka kila mwombaji atume kipindi kimoja, kilicho bora kuliko vyote, na sharti kiwe kimekwisharushwa hewani. Wegesa alikuwa na vipindi zaidi ya mia nne. Hakuna kilichokaribia maneno ya Mama Dorka. Filemoni, meneja wake, alimuuliza mara mbili kama mhusika ameridhia. Alijibu ndiyo mara zote mbili.

Alimweleza Okal hivyo hivyo. Hakujipunguzia.

"Na hao wa Dar walikujibu?"

"Jumanne."

"Wamesemaje?"

"Wananitaka. Nianze mwezi ujao."

"Kwa kipindi hicho?"

"Kwa hicho."

"Kilikuwa kizuri," Okal alisema. "Hata mimi nilikipenda, mpaka kilipofika kwenye kidole."

"Nitawakatalia. Leo leo nitawapigia."

"Ukikataa, ukikubali, mama yangu harudi kwake." Alivua kofia akajifuta jasho. "Habari zilifika Rorya, baba zangu wadogo wakaja kwa mama siku ya tatu. Hawakugomba. Walikaa, wakanywa chai, wakamwambia yeye ni mke wa ndugu yao, atakaa. Lakini mimi sina mahali pa kujenga pale. Ile nyumba niliyoanza wataimaliza wenyewe, watampa mtoto wa damu wa baba Okeyo, yule wa mke mdogo. Mama akasema, mwanangu akitoka, natoka. Akafunga nguo zake. Sasa hivi yuko kwangu, amelala kwenye kitanda changu, mimi nalala sebuleni. Miaka thelathini na nane ameishi pale. Kaburi la mume wake liko pale."

"Naomba nimwone."

"Hapana."

"Okal. Hata nikifukuzwa, nifukuzwe na yeye."

Alifikiri. Kisha akawaaga wazee, akatangulia mbele, Wegesa akamfuata nyuma kama mgeni asiyejua njia. Njia aliijua. Mwezi Agosti walipita hapo wakipokezana begi, wakibishana kuhusu rangi ya kupaka chumba.

Mama Dorka alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, anachambua dagaa kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, anayecheka kabla hajafika mwisho wa anachosema. Alimpenda Wegesa siku ya kwanza, akamwita *nyar Kuria*, binti wa Kikurya, na kuwaambia majirani kwamba huyu atanizika. Leo aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo.

Wegesa alipiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Vidole vyake viliendelea kutoa mchanga na vipande vya majani.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

Mama Dorka alitazama begi lililokuwa begani kwake. "Kimo humo?"

"Kitu gani, mama?"

"Kile cha kunasa."

"Kimo. Lakini kimezimwa."

"Kakipeleke kule njiani."

Wegesa aliinuka. Alibeba begi hadi nje ya uzio wa minyaa, akaliweka chini, akarudi mikono mitupu. Okal alikuwa ameegemea ukuta, uso ameugeuza. Hata baada ya begi kwenda, mwanamke yule aliyekuwa hawezi kunyamaza alinyamaza. Alimaliza fungu moja la dagaa. Akaanza la pili.

"Okeyo hakuwahi kunisema," hatimaye aliongea, taratibu. "Alikuwa anakunywa, unajua. Mlevi anasema yote. Akirudi amelewa alikuwa anamsema jirani, anamsema mchungaji, anawasema ndugu zake. Mimi na mtoto huyu hakutusema. Siku moja nilimuuliza, wewe mzee, hujawahi hata kusikia uchungu? Akaniambia, Dorka, nilikuoa nikiwa na macho."

Wegesa alikuwa analia bila sauti.

"Nilikupa wewe maneno yale kwa sababu nilikuita mwanangu," Mama Dorka aliendelea. "Nilikuwa nimeibeba siri hii peke yangu tangu mzee afe. Nikasema, huyu atanisaidia kubeba." Akausogeza ungo kando. "Sasa nenda, mama. Nenda kabla sijasema lingine."

Okal alimsindikiza hadi barabarani. Yeye ndiye aliyeokota begi, akalikung'uta vumbi, akampa. Walisubiri gari bila kutazamana. Mtu aliyepita kwa mbali angedhani ni watu wawili wasiofahamiana.

"Jumamosi?" Wegesa aliuliza.

Jumamosi hiyo Okal na wazee wake walikuwa wanakwenda Susuni kujitambulisha rasmi. Mzee Magige, baba yake Wegesa, alikataa jambo hilo kwa miaka miwili. Wanaume wamekwisha Tarime, aliuliza, mpaka uende kwa Wajaluo? Hakutaka hata kusikia jina la kijana. Mpaka usiku wa mvua ambao ng'ombe wake bora alishindwa kuzaa, na Okal, aliyekuwa amelala Bomani, akatembea kwenye tope hadi Susuni, akavua shati, akamtoa ndama na mama yake wazima. Asubuhi mzee alimpa maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Kwake hilo lilikuwa jibu.

"Sitakuja," Okal alisema. "Na wazee wa kuja nao sina tena. Mzee wako nitampigia, nisije nikamdharau."

"Nitamwambia mimi."

"Basi mwambie yote. Usikate kitu."

Gari lilionekana mbali, likiburuta vumbi.

"Unanipenda bado?" Wegesa aliuliza. Alijua ni swali la aibu, akaliuliza.

Okal alitazama barabara. "Hilo ndilo baya," alisema. "Ningekuwa nimeacha kukupenda ningelala. Lakini ukiongea, hata sasa hivi, namsikia mama anasimulia na wazee wananitazama mkono. Siwezi kuamka na sauti hiyo kila siku, Wegesa. Nimejaribu kujifikiria. Siwezi."

Gari lilisimama. Alimfungulia mlango, akahakikisha nguo yake haikubanwa, akaufunga.

Wegesa hakushuka Bomani. Aliunganisha hadi Susuni, akafika wakati mzee anafungia mbuzi. Mzee Magige alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mkavu, mtu ambaye hakuwahi kumsifu mwanawe mbele yake lakini alibadilisha betri za redio kila mwezi. Aliposikia salamu yake aligeuka.

"Tata, nina maneno," alimwambia.

Walikaa nje ya nyumba. Alimwambia yote, tangu karanga hadi barabarani. Alipofika kwenye kidole alitaka kupita haraka, hakupita. Mzee alisikiliza huku ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alipomaliza, mzee hakumgombeza. Ingekuwa nafuu.

"Yule mama alikwambia akishazikwa?"

"Ndiyo, tata."

"Na akasema mwanawe peke yake?"

"Ndiyo."

Mzee alitazama zizi. "Nilimkataa kijana wa watu miaka miwili," alisema. "Nikasema damu yao si yetu, hawatatufaa. Kumbe wa kuogopwa nilikuwa namlea hapa."

Aliinuka, akaingia ndani, hakula.

Asubuhi alivaa koti lake la kanisani. Alikamata jogoo mkubwa, akamfunga miguu, akamtia kwenye kikapu. Wegesa alitaka kufuatana naye.

"Wewe baki," mzee alisema. "Wamekuona."

Siku nzima Wegesa alipalilia shamba ambalo halikuwa na magugu ya kutosha. Saa sita mchana simu iliita, ni Dar es Salaam. Aliipokea akiwa amesimama katikati ya mihogo. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mchangamfu, alitaka kujua kama barua ya mkataba imefika. Wegesa alimwambia mwenye simulizi ile hakuridhia irushwe, na kwamba aliwadanganya. Kisha mwanamke yule, ambaye sasa hakuwa mchangamfu, alimshukuru kwa kusema, akakata. Wegesa alimpigia Filemoni, akamwambia vilevile. Filemoni alipumua kwa nguvu, akamwambia asije kazini mpaka atakapoitwa.

Mzee alirudi jua likiwa limezama nusu. Kikapu kilikuwa kitupu. Wegesa alimletea maji ya kunawa, akamtengea ugali na mlenda, akakaa mbali kidogo.

"Nimempata mama," mzee alisema. "Tumezungumza. Ni mtu mwenye adabu. Amempokea jogoo."

"Amesemaje?"

"Amekusamehe. Amesema nikuambie hivyo, amekusamehe mbele ya Mungu. Lakini usiende tena."

Wegesa aliinamisha kichwa.

"Na kijana?" aliuliza.

"Kijana hatakuoa. Amenieleza wazi, kwa heshima, kama mwanaume. Nimemwelewa. Ningekuwa yeye nisingekuoa pia." Mzee alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. "Nilipoaga alinifuata mpaka mbali. Nikadhani ana ujumbe. Akaniuliza kama unakula."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia huli."

"Akasemaje, tata?"

"Alinishika mkono, akakaa nao hivi, halafu akarudi."

Ng'ombe walikuwa wameanza kutulia zizini. Mzee Magige alisogeza sahani katikati yao, akamega tonge upande wake, upande mzima akauelekeza kwa binti yake.

"Kula," alisema.

Wegesa alimega tonge dogo. Lilikaa mdomoni muda mrefu, na baba yake akasubiri, mkono wake ukiwa hewani, mpaka alipolimeza.